Mlango wa Chama na Mfuko wa Sadaka



Desturi ya ukurasa huu ni kuchukua barua moja kila mwezi na kuijibu kadiri ya uwezo wetu. Ya mwezi huu imeandikwa na mwalimu ambaye ni mweka hazina wa chama cha kusaidiana katika usharika wao. Wanachama ni 24. Kila mmoja hutoa mchango wa mwezi. Naye akiugua au akifiwa, chama humsaidia. Sasa wenzake wengi wataka mlango ufunguliwe wazi: kila apendaye na aingie, asiulizwe neno lo lote, mradi alipe kiingilio. Husema kwamba watu wakiwa wengi mfuko utajaa, na mfuko ukijaa wajane na yatima watapata zaidi. Mwalimu aliogopa shauri hilo, lakini kila akifungua kinywa huambiwa kwamba ana kiburi na ya kuwa moyo wake ni mgumu. Basi auliza: Je, ni haki kuchagua watu katika kazi ya huruma?

Sikumjibu upesi. Swali lake limenikumbusha aibu yangu ya zamani, nami nitaieleza kwanza, apate kujua kwamba amjibuye naye aliwahi kuungua.

Nilipokuwa kijana nilishika daftari ya chama cha kuzikana. Tulikuwa thelathini na mmoja, watu wa kujuana. Mwaka mmoja tulishauriana, tukafungua mlango, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa zaidi ya mia. Tulifurahi mno, hata tukanunua sanduku jipya la fedha lenye kufuli mbili. Walakini wengi wa wale wageni walilipa kiingilio na miezi miwili mitatu, kisha wakanyamaza. Ila misiba yao haikunyamaza. Wengine waliingia huku wana mgonjwa mahututi nyumbani. Nasi tuliona haya kumnyima mtu aliyefiwa, tukatoa, tukatoa tena. Ndipo siku moja akaja mjane wa seremala mmoja, mtu aliyelipa miaka tisa bila kukosa hata mwezi mmoja. Sandukuni hamkuwa na fedha ya kununulia mbao za jeneza lake, yeye ambaye mikono yake iliwachongea wengine majeneza. Yule mama hakulia wala hakutugombeza. Aliniomba tu nimsomee michango ya mumewe. Nikamsomea, mwezi kwa mwezi, miaka tisa. Nilipokwisha alisema, Ahsante, akaenda zake. Tangu siku ile najua ya kuwa daftari yaweza kumhukumu mtu kuliko baraza.

Lakini sitaki kumjibu mwalimu kwa majonzi yangu peke yake. Nimetafuta watu waliopimwa kwa jambo hili hili, ambao kanuni zao na hesabu zao zimehifadhiwa kwa maandishi. Nimewaona Marekani, miongoni mwa watu weusi wa Philadelphia na Boston, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wa Philadelphia walianza na chama cha kusaidiana kama chenu, kisha wakafanya loji ya Wafrimasoni. Na habari hizo mbili zafundisha jambo moja.

Chama cha Philadelphia

Tarehe 12 Aprili 1787 watu weusi wachache walikutana katika mji wa Philadelphia, wakaunda chama, wakakiita Chama cha Waafrika Walio Huru. Viongozi wao walikuwa Absalom Jones na Richard Allen. Wote wawili walizaliwa utumwani, na Allen alijikomboa kwa fedha ya jasho lake. Jones, alipopata akiba, alimkomboa mkewe kwanza, wala si nafsi yake, kwa kuwa sheria ya siku zile ilimhesabu mtoto kuwa mtumwa au huru kwa kumfuata mama. Yeye mwenyewe alibaki mtumwa hata mwaka 1784. Mtu wa namna hiyo akitaja neno kusaidiana, ajua alisemalo.

Sikieni kanuni zao. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi. Akiisha kutoa mwaka mzima, kisha akapatwa na uhitaji, alipewa shilingi 3 na peni 9 kila juma, kama shida ile haikuletwa na utovu wake mwenyewe wa busara. Mjane wa mwanachama alisaidiwa muda wote wa ujane wake, wala hakudaiwa mchango. Watoto wa marehemu walilipiwa shule ikiwa hawakupata ile ya bure, kisha wakawekwa kwa mafundi wajifunze kazi.

Walimu na wafanye hesabu nami. Shilingi moja kwa mwezi ni shilingi 12 kwa mwaka. Shilingi 3 na peni 9 kwa juma ni shilingi 15 kwa majuma manne, maana peni 12 ndizo shilingi moja. Basi mgonjwa mmoja, kwa muda wa majuma manne tu, alikula mchango wa mtu mmoja wa mwaka mzima na shilingi 3 zaidi. Hapo ndipo mtaona kwa nini chama kile kilikuwa na mlango. Si kwamba hawakupenda watu. Walikuwa wameahidi kitu kikubwa kwa kitu kidogo, na ahadi ile haikuweza kusimama ila kila mmoja awe mtu wa kutegemewa.

Kwa hiyo waliandika kwamba mlevi asipokewe, wala mtu wa fujo. Aliyeharibika baada ya kuingia alijiwa na wenzake wawili, wakamwonya. Asipojirekebisha alitengwa, wala hakurudishiwa alichokwisha kutoa. Aliyeacha kulipa miezi mitatu naye alijiwa na wawili, wakamkumbusha. Kama hakuwa na sababu ya kutosha, wala hakulipa deni lote katika mkutano uliofuata, alitengwa vivyo hivyo. Aliyekosa mkutano wa mwezi alitozwa peni 3. Lakini mgonjwa hakutozwa faini wala mchango muda wote wa ugonjwa wake. Tena fedha ilikabidhiwa mkononi mwa Joseph Clarke, mtu wa madhehebu ya Quaker, awe karani na mweka hazina, asiye mmoja wa wale waliotazamia kulishwa na mfuko ule.

Angalieni kanuni hizo ziliuliza nini. Hazikuuliza mtu ana mali kiasi gani, wala baba yake ni nani. Ziliuliza mwenendo wake, malipo yake na kuhudhuria kwake, mambo matatu ambayo maskini aweza kuyatimiza sawa na tajiri, na ambayo aliyekosa leo aweza kuyatengeneza kesho. Tena hakuna aliyetengwa bila watu wawili kwenda kwanza kumtazama nyumbani kwake.

Hata hivyo nisiwafiche jambo moja, kwa kuwa kanuni njema nayo ina hatari yake. Mwaka 1789, miaka miwili tu baada ya kuanza, chama kile kilimwandika Richard Allen mwenyewe kuwa amejitenga nacho. Hakuwa mlevi wala mwizi. Hakukubaliana na wenzake katika namna ya ibada, kwa sababu wao walianza kufuata desturi za Quaker, na yeye alipenda njia ya Wamethodisti, akaendelea kufanya mikutano yake mbali. Mlango uliowekwa kumzuia mlevi ulimtoa nje mmoja wa waliouchonga. Basi tujihadhari: kumpima mtu mwenendo ni jambo moja, na kumtaka afanane nasi katika kila jambo ni jambo jingine.

Mwaka wa homa

Ilikuwa mwaka 1793. Philadelphia wakati ule ulikuwa mji mkuu wa Marekani, nao ulikuwa na watu wapatao 50,000. Mwezi wa Agosti homa ya manjano iliingia, na kabla baridi ya Novemba haijaikomesha, watu wapatao 5,000 walikuwa wamekufa. Hakuna aliyejua siku zile kwamba mbu ndiye aletaye ugonjwa huo; jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1900. Wenye uwezo walikimbia mji. Jirani alimwogopa jirani, na wako wagonjwa walioachwa hata na watu wa nyumbani mwao.

Daktari Benjamin Rush, mtu mashuhuri wa mji ule, alidhani ya kuwa watu weusi hawashikwi na homa ile, akawaomba waje kusaidia. Alikosea sana. Katika kitabu cha mazishi watu weusi waliozikwa mwaka 1792 walikuwa 67, na mwaka 1793 walikuwa 305. Walakini Jones na Allen, ambao chama kiliwatenganisha, walisimama tena pamoja wakaenda. Nyumba ya kwanza waliyoingia walimkuta mume yu katika kufa, mkewe amelala maiti, na watoto wawili wadogo hawana wa kuwasaidia. Wakawahudumia, wakamwendea meya wa mji ili yule mama azikwe. Siku ile moja walizuru jamaa zaidi ya ishirini.

Fikirini, ndugu. Wale wagonjwa hawakuwa wanachama. Hawakupata kutoa hata shilingi moja katika mfuko. Wengi wao walikuwa watu weupe, na yamkini wako miongoni mwao ambao jana yake wasingekubali kuketi nao. Mlango wa chama ulikuwa mwembamba, lakini mikono ya watu wale haikuuliza mgonjwa ni wa nani.

Waliwaajiri watu watano wa kuchukua maiti. Wengine wengi walikwenda kuuguza, baadhi yao bila ujira. Yuko Sarah Bass, mjane maskini, aliyeuguza nyumba nyingi na kuwaachia wenyewe waamue kama watampa kitu au hawatampa. Yuko Caesar Cranchal, aliyekataa fedha kwa kuwa hakutaka kuuza maisha yake, naye yasemekana alikufa kwa ugonjwa wa kuhara. Na yuko mtu mmoja maskini aliyeitwa Sampson, aliyetembea nyumba kwa nyumba palipokuwa na dhiki, bila malipo yo yote. Naye akashikwa, akafa, na baada ya kufa kwake jamaa yake walisahauliwa na wale wale aliowahudumia.

Habari ya Sampson naomba mwalimu aisome mara mbili. Shukrani ya watu ni kama umande, jua likipanda haionekani. Ndiyo sababu ya kuwa na chama, yaani pawepo na daftari isiyosahau wakati watu wamekwisha sahau.

Homa ilipokwisha, mchapishaji vitabu mmoja, jina lake Mathew Carey, alitoa kitabu akiwashitaki baadhi ya wauguzi weusi kwamba walitoza ujira wa kupita kiasi na kuiba katika nyumba za wagonjwa. Jones na Allen aliwasifu. Wangaliweza kunyamaza wakiwa na sifa zao. Hawakunyamaza, kwa sababu hawakutaka kusifiwa wao huku wenzao wakitukanwa. Mwezi wa Januari 1794 walichapisha jibu lao, na ndani yake wakaweka hesabu ya fedha wazi kwa kila msomaji.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Walipokea kwa kuzika maiti na kuondoa vitanda vya wagonjwa paundi 233, shilingi 10 na peni 4. Walitumia paundi 33 kwa majeneza ambayo hawakulipwa kitu. Wale watu watano, watatu wakifanya kazi siku 70 na wawili siku 63, kila mmoja kwa shilingi 22 na peni 6 kwa siku, waliwalipa paundi 378. Jumla ya matumizi ni paundi 411. Basi walitoka na hasara ya paundi 177, shilingi 9 na peni 8, mbali na jasho lao wenyewe. Nimeipiga hesabu hiyo kwa mkono wangu, kwa paundi ya shilingi 20, nayo yalingana hata peni ya mwisho. Meya wa mji, Matthew Clarkson, aliwapa hati ya kuwashuhudia vema, ya tarehe 23 Januari 1794.

Watu wanaofanya mema hudhani mara nyingi kwamba mema hayahitaji daftari. Wale hawakudhani hivyo. Uongo ulipokuja ulikuta hesabu imekwisha andikwa.

Loji

Sasa nije kwenye loji. Wafrimasoni ni chama cha wanaume walioapa kusaidiana kama ndugu, nao hukutana katika makundi yaitwayo loji. Najua makanisa hayakubaliani juu yao. Kanisa Katoliki limewakataza watu wake tangu mwaka 1738, na makanisa mengine pia huwatilia mashaka. Siandiki ili mtu ye yote ajiunge nao. Naandika kwa sababu jambo aliloliuliza mwalimu wao wamelishindania kwa muda mrefu.

Desturi yao ni hii: mtu atakaye kuingia hana budi kupendekezwa na walio ndani, kisha kupigiwa kura ya siri kwa gololi nyeupe na nyeusi. Katika loji nyingi gololi nyeusi moja tu, au chache, zatosha kumkataa. Hutoa sadaka kwa wajane na yatima wao, na kwa watu wengine pia.

Huko Boston palikuwa na mtu mweusi aliye huru, jina lake Prince Hall. Mwaka 1775 yeye na wenzake 14 walipokewa katika loji ya askari wa jeshi la Uingereza waliotoka Ayalandi. Vita vya uhuru wa Marekani vikaja, askari wakaondoka, na loji za watu weupe hazikuwa tayari kuwapokea. Hawakukataliwa kwa ulevi wala kwa deni. Walikataliwa kwa ngozi. Basi wakaandika London, na Loji Kuu ya huko ikawapa hati ya tarehe 29 Septemba 1784, iliyofika mikononi mwao mwaka 1787.

Hapo mwaona jinsi neno bora liwezavyo kuharibika. Walio ndani ya mlango walisema wanalinda usafi wa loji. Kumbe walikuwa wakilinda rangi yao. Nasi tusicheke, kwa maana kwetu pia wako wasemao kwamba wanalinda heshima ya chama, kumbe wanalinda kabila, au ukoo, au watu wenye mabati juu ya nyumba.

Na loji ile iliyokataliwa ilifanya nini? Mwaka 1787 Prince Hall aliiomba serikali ya Massachusetts shule kwa watoto weusi, kwa kuwa baba zao walilipa kodi na watoto wao hawakufundishwa. Mapema mwaka 1788 watu weusi watatu wa Boston, watu huru, walidanganywa wakaingia katika meli, wakachukuliwa kwenda kuuzwa visiwani. Tarehe 27 Februari Prince Hall na ndugu zake wa loji waliandika malalamiko yao kwa serikali, wengine nao wakapaza sauti, na mwezi wa Machi ikapitishwa sheria ya kuzuia biashara ya watumwa katika nchi ile. Wale watatu hawakuuzwa, bali walirudishwa kwao mwaka ule ule. Tena loji hiyo ndogo, ya watu wa mshahara mdogo, ilipeleka zaidi ya mara moja sadaka yake London katika mfuko wa maskini wa Loji Kuu.

Mwaka 1797 watu weusi wa Philadelphia nao walikataliwa na Wafrimasoni weupe wa mji wao, wakamwandikia Prince Hall, naye akawapa ruhusa. Mkuu wao wa kwanza akawa Absalom Jones, na mweka hazina akawa Richard Allen. Ndio wale wale wa mwaka wa homa, na yule aliyeandikwa kuwa amejitenga sasa alikabidhiwa mfuko. Loji haikuwafanya kuwa watu wema. Waliingia wakiwa wamekwisha kupimwa. Na Loji Kuu ya Uingereza, iliyokaa muda mrefu bila kuwakiri warithi wa Prince Hall, iliwakiri wale wa Massachusetts mwaka 1994.

Wingi nao una kazi yake

Mtu asije akasema kwamba nafundisha udogo. Wingi wa watu ni baraka, kama ni wingi wa wachukuzi. Wako Wafrimasoni wa Marekani waitwao Shriners. Mwaka 1920 waliazimu kwamba kila mmoja wao atoe dola 2 kwa mwaka ili wajenge hospitali za watoto vilema. Dola 2 ni kitu kidogo, lakini watu walikuwa wengi, na mwaka 1922 hospitali ya kwanza ilifunguliwa mjini Shreveport, Louisiana, na wazazi hawakutozwa senti. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa 22. Chama cha watu 24 hakijengi hospitali.

Walakini angalieni mwisho wake. Wafrimasoni wa Marekani walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 1959. Kufikia mwaka 2020 walikuwa chini ya milioni 1. Walipoanza kupungua, baadhi ya Loji Kuu zao zililegeza mlango. Daraja tatu ambazo mtu alizipanda kwa majuma au miezi, akijifunza na kujulikana, zikapandwa zote katika siku moja. Shriners nao, ambao zamani walimtaka mtu apande daraja za juu kabla ya kuja kwao, waliiondoa kanuni hiyo mwaka 2000. Hesabu yao iliendelea kushuka. Na mwaka 2009, akiba yao ilipopungua kwa kuporomoka kwa masoko ya fedha, walijadili kufunga hospitali sita. Wakaamua kutozifunga, bali wapokee malipo ya bima kwa wale walio nayo. Kulegeza mlango hakukuleta watu waliotazamiwa, na hospitali ziliokolewa kwa shauri jingine.

Jibu kwa mwalimu

Basi, mwalimu, nakujibu hivi. Huruma haina mlango, lakini ahadi ina mlango. Ninyi mmechanganya mifuko miwili katika sanduku moja, ndiyo sababu mnagombana.

Mfuko wa kwanza ni wa ahadi. Huo ni deni lenu kwa kila mwenzenu aliyelipa na kwa mjane wake. Mlango wake na uwe na kitasa. Aingiaye na ajulikane na wawili walio ndani, na mwenendo wake uulizwe. Akae muda mliopatana kabla ya kuanza kusaidiwa, asije mtu na msiba ulio tayari mlangoni. Akikawia kulipa, wawili na waende kwake kabla hamjafuta jina lake, kwa maana huenda mkakuta hana deni la uvivu bali ana mgonjwa. Wala msiulize kabila, wala ukoo, wala nyumba yake imeezekwa kwa nini. Akija mwenye kibanda cha nyasi ambaye hulipa kila mwezi, ni bora kuliko mwenye duka alipaye apendapo.

Mfuko wa pili ni wa sadaka. Huo na uwe mbali, na daftari yake mbali, hata kama ni senti chache tu kutoka kwa kila mmoja. Huo hauna mlango kabisa. Mlevi mwenye njaa ale, na mgeni asiye na jina azikwe. Yule mliyemkataa katika mfuko wa kwanza, akiugua, mwende kwake kwa mfuko wa pili. Na kama mfuko ni mtupu, mwende kwa mikono yenu, kama Jones na Allen walivyokwenda.

Wazee wako wana haki kutaka wajane wengi wasaidiwe. Nawe una haki kuogopa kwamba yule mjane mliyemwahidi atakuja akute sanduku tupu. Wala si kiburi kumlinda. Wenye kiburi walikuwa sisi, tulionunua kufuli mbili tukasahau mlango.

Neno la mwisho ni kwa nyumba zote, si kwa walimu tu. Waume wengi wako katika chama hiki na kile, na wake zao hawajui kinaitwaje, wala kitabu cha malipo kimewekwa wapi. Jioni moja mwezi huu, chakula kikiisha, baba na alete kitabu chake mezani, amsomee mkewe mbele ya watoto: nimelipa hiki, nadaiwa hiki, nikifa mwendeeni fulani. Ni afadhali mama asomewe na mumewe aliye hai kuliko kusomewa na karani.

Barua zenu zaendelea kupokewa. Tutaonana tena mwezi ujao, tukijaliwa.